Jozi ya Kumi

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akimalize sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Ninayowaletea ni habari za nchi iitwayo Pungukumi. Msiniulize iko upande gani. Aliyekwenda ni Saumu binti Kheri, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na alivyofika huko hakunieleza, kwa sababu Saumu hana subira na mambo ya njiani. Ukimuuliza safari ilikuwaje anakujibu, "Nilifika," basi.

Alichoendea ndicho alichonieleza, tena kwa uchungu. Mdogo wake Mbaraka, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa anafuma vitambaa katika kiwanda kimoja huko, na mkono wake wa kulia ulinaswa na mashine. Haukukatika, ila ulichanika vibaya na ulikuwa umeanza kutoa harufu. Sasa mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mafundi, akikosa mkono wa kulia, atabaki na nini? Saumu alifunika cherehani yake, akamwachia Biubwa rundo la mashati yasiyo na vifungo, akaondoka siku hiyohiyo. Huyu Biubwa ni mjane, jirani yake, aliyekuwa akimshonea vifungo na pindo miaka nenda rudi. Watu wakimtania Saumu kwamba siku hizi amekuwa bosi, ana mwajiriwa, alikuwa anawaka. "Mwajiriwa wa wapi? Mimi na Biubwa ni ndugu. Tunasaidiana tu."

Kitu cha kwanza alichokiona Pungukumi ni miguu. Mji mzima pekupeku! Wala si kwa ufukara, maana wanaume walikuwa wamevaa mashati ya pasi, wengine na tai shingoni na mikoba mkononi, na huku chini nyayo tupu, visigino vimepasuka. Saumu akawa anapita katikati yao na makubadhi yake ya ngozi, nao wanageuza nyuso kwa haya, utadhani ametoka nje na upande mmoja wa khanga. Muuza chai mmoja, mwanamke, alimshika mkono kabisa.

"Vivue, mama. Tafadhali. Kuna watu hapa wana watoto wa kulisha."

Saumu hakuelewa, na asichokielewa huwa hakitii. Akaendelea navyo mpaka nyumbani kwa Mbaraka.

Mbaraka alikuwa anaishi chumba kimoja na mfumaji mwenzake, Raghu, mtu mzima mwenye masharubu meupe na kifua cha kukwaruza, ambaye alikuwa na tabia ya kuomba samahani kabla ya kusema neno lolote. Mkono wa Mbaraka ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitambaa kipya cha kiwandani, chenye maua. Saumu alipokifungua alijikaza asilie, akashindwa, akalia kwa sauti.

"Kwa nini hawajakupeleka hospitali, we Mbaraka?"

"Hospitali ipo, dada. Iko mkabala na kiwanda. Lakini ni ya wafanyakazi."

"Na wewe ni nani, sultani?"

"Mimi ni mpitaji."

"Unapita kwenda wapi?"

Mbaraka alimtazama Raghu, na Raghu akaomba samahani, akaanza kueleza.

Sheria za kazi za Pungukumi, alisema, ndizo nzuri kuliko zote ulimwenguni. Alilisema hilo kwa fahari, kifua mbele. Zinaamuru ukuta wa kiwanda upakwe chokaa, na chokaa ikichoka ipakwe nyingine. Zinaamuru mtungi wa maji uandikwe MAJI YA KUNYWA kwa herufi kubwa, na usikae karibu na choo. Zinaamuru pawepo kopo la kutemea mate, lenye mchanga safi, na mtu akitema nje ya kopo atozwe faini. Mgonjwa atibiwe, mjamzito apumzike, mzee apewe kiinua mgongo chake kwa heshima. Siku zilipokuwa zinasomwa, watu wazima na akili zao walilia. Ila sheria nzuri namna hiyo ni mzigo mkubwa, na Baraza lililozitunga likamwonea huruma mwenye kiwanda mdogo, zisije zikamlalia akafa. Ikaamuliwa zianzie watu kumi. Nyumba ya kazi yenye watu kumi, ina sheria. Yenye tisa, haina.

"Na kiwandani kwenu mko wangapi?"

"Samahani," alisema Raghu. "Tuko kama mia nne. Lakini tuko tisa."

Saumu alimtaka arudie. Raghu alirudia, na maneno yakawa yaleyale. Kumbe mkaguzi wa kazi wa Pungukumi amewekewa adabu kali. Haruhusiwi kufika bila kupiga hodi siku moja kabla, na hodi ya kesho ilikuwa imeshapigwa. Haruhusiwi kuvuka kizingiti. Haruhusiwi kuuliza swali, kwa kuwa kumuuliza mwenye nyumba ana watu wangapi ndani ni utovu wa heshima. Anachoruhusiwa ni kuhesabu viatu mlangoni, maana huko hakuna mtu anayeingia ndani na viatu vyake. Kwa hiyo anayeanza kazi, siku ya kwanza kabisa, hupelekwa ghalani akatundike viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo huja kazini pekupeku na kurudi pekupeku. Walioachiwa viatu kiwandani ni tisa tu, wengi wao wapwa wa mwenye kiwanda. Waliobaki, kisheria, ni watu waliokuwa wanapita tu wakaona mashine. Raghu alikuwa anapita tangu masharubu yake yakiwa meusi.

"Na hao tisa wenye viatu, wanatibiwa?"

"Watatibiwaje na wako tisa? Samahani. Ila wana viatu."

Saumu alisema neno ambalo sitalirudia mbele yenu. Akamnyanyua mdogo wake, akampeleka hospitali hivyohivyo.

Hospitali ya Wafanyakazi ilikuwa inang'aa. Vitanda vimepangwa safu mbili, mashuka yamenyooka, wauguzi wanafuma sweta. Mgonjwa hata wa dawa hakuna. Daktari Nalini, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alikuja mbio mpaka mlangoni huku anakausha mikono. Alikuwa hajapata mgonjwa tangu aajiriwe, akawa anajifunza kushona kwa kupasua ndizi mbivu na kuzirudishia ganda. Aliutazama mkono wa Mbaraka, na macho yakamng'aa kwa furaha isiyo na aibu.

"Huu naweza kuuokoa! Ila si wa kusubiri. Ukichelewa nitaukata." Akamgeukia Saumu. "Nyumba yake ina sheria?"

"Haina."

Daktari aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha isije ikamkosea adabu. "Basi siwezi kumgusa."

"We daktari wewe, vitanda vyote vile ni vya nani?"

"Vya wafanyakazi. Nikimtibu mpitaji, hospitali inafungwa. Ikifungwa, wafanyakazi watatibiwa wapi?"

"Wafanyakazi gani? Mbona hayupo hata mmoja!"

"Ndiyo maana lazima tuwe tayari," alisema Nalini. Daktari mwingine naye asingeweza kusaidia, kwa sababu jeraha la mashine ni lake yeye peke yake kisheria, na atakayeligusa atashtakiwa kwa kumpokonya mgonjwa. Aliwasindikiza mpaka nje. Alikuwa analia.

Saumu akamrudisha Mbaraka chumbani, akaenda kwa mwenye kiwanda. Getini bawabu alimwomba abebe makubadhi yake mkononi, asiyaache mlangoni hata kwa dakika moja, naye alikuwa na haraka, akabeba. Bwana Vithali alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu laini, mwenye sauti ya kubembeleza, na aliposikia habari za mkono alitoa leso akafuta machozi ya kweli. Chai ya maziwa ikaletwa, na vitafunio vya dengu.

"Mbaraka ni mwanangu," alisema. "Watu wa nje hawatuelewi, mama. Hapa kwangu hakuna mwajiri wala mwajiriwa. Sisi ni ndugu. Tunasaidiana tu."

Chai ilimpalia Saumu. Alikohoa mpaka bwana akampigapiga mgongoni, na kwa nini ilimpalia hakujua, akadhani ni tangawizi.

"Basi msaidie ndugu yako," alisema alipopata pumzi. "Weka viatu vyake mlangoni kesho, aende hospitali."

Bwana Vithali alirudi nyuma na kiti chake. "Kwa mkono wa mtu mmoja niishushe sheria nzima humu ndani? Chokaa, mitungi, makopo ya mate? Nitafunga kiwanda, mama, wallahi nitafunga. Halafu watu mia nne wakose pa kupita?"

"Huna hata huruma?"

"Huruma ninayo tele," alisema Bwana Vithali, na alikuwa anamaanisha. "Sheria ndiyo sina."

Nje Raghu alikuwa anamngoja. Wakarudi wakitembea, Saumu bado kashika makubadhi yake, mpaka alipomuuliza kama hakuna aliyewahi kuweka viatu mlangoni kwa ukaidi tu. Yupo, alisema Raghu. Bwana alivisifu, akasema ni viatu vizuri sana, akamwambia mwenyewe avivae vimfikishe nyumbani na asirudi tena.

Saumu alisimama katikati ya njia.

"Alimfukuza kwa sababu ni mtu wake. Na mimi nani atanifukuza?"

Raghu alifungua mdomo akasahau kuomba samahani.

Kuna jambo jingine sijawaambia. Pungukumi kugusa kiatu cha mwenzio ni tusi ambalo watu wamepigana kwa ajili yake vizazi na vizazi. Kiatu kikishavuliwa mlangoni, kinakaa hapo mpaka mwenyewe atakapokivaa. Kwa hiyo kesho yake asubuhi, siku ya mkaguzi, Saumu alipofika kiwandani pamoja na Mbaraka na kuyavua makubadhi yake kando ya zile jozi tisa zilizopakwa rangi zikawekwa juu ya zulia jekundu, bawabu alibaki anayazunguka huku ameshika kichwa. Akayapungia mkono yaondoke, nayo yakakaa vilevile.

Mkaguzi alikuwa Bwana Pandurangi, mzee mkavu mwenye fimbo ya kuonyeshea, mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuhesabu mpaka tisa kisha kunywa chai. Alikuja na kengele yake ya kuitia sheria kiunoni, imeshika kutu kwa kutotumika. Akanyoosha fimbo.

"Saba, nane, tisa," alisema, na mguu mmoja ulishageukia kwenye chai. "Kumi."

Lile neno lilitoka lenyewe. Aliduwaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akahesabu tena kutoka upande wa pili, na kumi ikawa palepale. Akakaa kitako kwenye ngazi. Aliitazama miguu mitupu ya Saumu, akayatazama makubadhi, akatazama juu angani.

"Siulizi," alisema kwa sauti kubwa, ingawa hakuna aliyemwambia aulize. Akaipiga kengele.

Jamani, sheria ikaingia! Ilikuja na mikokoteni. Wapaka chokaa walipaka ukuta na watu wameuegemea, Raghu akawa mweupe mgongo mzima. Makopo ya mate yaliletwa mengi hata ikakosekana sehemu ya kukanyaga, na kwa kuwa sheria ilitaka yatumike, watu waliombwa wateme, nao kwa heshima wakajitahidi. Mtungi ulifika umeandikwa MAJI YA KUNYWA, maji ndani hamna, kwa kuwa sheria ilitaja maandishi tu. Mtu mmoja alikimbia huku na huku akisoma haki za wafanyakazi kwa sauti, kwa kasi ambayo hakuna aliyeshika hata moja. Kutoka ng'ambo ya barabara akaja Daktari Nalini anakimbia na sanduku lake, wauguzi nyuma yake na sweta zimening'inia. Wakamlaza Mbaraka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Daktari akasafisha kidonda, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona, na Saumu aliyekuwa ameshika kichwa cha mdogo wake aliona kwa jicho la fundi kwamba mshono ule ni mzuri. Moyo ukaanza kumtulia.

Lakini Bwana Vithali alikuwa ameshavuka barabara kwenda Barazani. Baraza la Pungukumi hukaa siku zote, madirisha wazi, ili wananchi wasikie wanavyohurumiwa. Saumu aliyasikia yote kutoka pale mezani.

Mjumbe wa kwanza alisema kumi ni namba ya kizamani, ya enzi za watu kuhesabu kwa vidole, na nchi inayotaka maendeleo haiwezi kutawaliwa na vidole. Wa pili alisema wageni wenye mitaji wanatazama, na mgeni akiona kopo la mate hurudi kwao. Wa tatu alisimama akapinga vikali sana. Alisema sheria ni tunu, haiguswi, babu zake waliililia, na yeye ataitetea mpaka kufa. Na njia bora ya kuitunza tunu ni kuiweka juu zaidi, watu wasiifikie wakaichafua. Wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Hoja ikapita.

Tarishi alikuja mbio, hata hakuvuka kizingiti. "Sheria sasa inaanzia ishirini!"

Daktari Nalini alitoa mikono yake. Sindano ilibaki inaning'inia kwenye nyama ya Mbaraka, nusu ya jeraha imefungwa na nusu iko wazi. Wapaka chokaa walishaanza kuibandua kwenye ukuta. Mtungi uliinuliwa.

"Maliza!" Saumu alipiga kelele. "Mama wewe, maliza! Hata suruali haiachwi hivi!"

"Nikimaliza naifunga hospitali," alisema Nalini. "Nikiacha, mkono umekwenda."

Saumu aliwageukia watu. Walikuwa wamesimama kwenye mashine zao, mia nne wale, pekupeku, wanatazama chini kwa mazoea. Aliwatukana. Aliwaita wapitaji, akawauliza wamepita wapi miaka yote hiyo kama si kwenye maisha yao wenyewe. Aliwauliza kama na wao wakinaswa wataomba samahani kwa mashine. Alisema mengine ambayo leo anayajutia, kwa kuwa hawakuwa watu wabaya. Halafu sauti ikamwisha, akabaki anaushika ule mkono wa mdogo wake usidondoke mezani.

"Ghalani," alisema Raghu.

Hakuomba samahani. Ndiyo maana wenzake walimsikia, maana sauti yake ilikuwa ngeni. Akatangulia, na wao nyuma. Walikuta viatu vyao vyote vinaning'inia gizani, kila mtu na msumari wake. Kandambili, raba, ndara za ngozi zilizokakamaa, vya wengine vilikuwa vya ujanani na viliwaingia nusu mguu tu. Hakuna aliyegusa cha mwenzake. Kila mmoja alichukua vyake, akatoka navyo uani, akavivaa mpaka mlangoni, kisha akavivua pale kama mtu anayeingia kazini. Zilikuwa hatua chache tu, na wengi walizitembea huku wanalia. Lundo likajaa zulia, likajaa ngazi, likamwagika mpaka barabarani, na bawabu akasogea pembeni, kisha naye akaenda kuleta vyake.

Mkaguzi Pandurangi aliinuka. Akanyoosha fimbo.

"Moja," alisema.

"Subiri!" Tarishi alikuwa amerudi anahema. "Baraza limeshapata namba nyingine. Sheria sasa inaanzia mia t—"

"Funga mdomo," alisema mkaguzi. "Hesabu ikishaanza, nyumba huwa na sheria mpaka mkaguzi atamke jumla, na namba haibadilishwi katikati ya hesabu. Iko wazi kabisa kifungu cha mwisho. Haijawahi kutumika kwa sababu tisa huisha kabla mtu hajapiga chafya." Akageukia viatu. "Mbili. Tatu."

Daktari alikuwa ameshashika sindano.

Mkaguzi alihesabu taratibu, kwa adabu, kila jozi na heshima yake. Bwana Vithali alikuja akasimama nyuma yake na leso mkononi. Wajumbe wa Baraza walijazana madirishani na namba yao mpya, wanangoja. Mkaguzi alifika mia tatu na kitu, lundo limebaki dogo, Nalini bado hajafunga mshono wa mwisho. Akasita. Akaikodolea macho kandambili moja ya bluu.

"Hii nilishaihesabu?" alisema. "Au ilikuwa ile ya kule? Jamani, uzee huu. Nimepotea."

Alimtazama Saumu kwa mara ya pili tu tangu asubuhi ile.

"Naanza upya. Moja."

Kelele zilizotoka Barazani hazina mfano, lakini hakuna sheria ya Pungukumi inayomkataza mkaguzi kupotea. Alipotea siku hiyo mara nyingi. Kesho yake akapotea tena. Alikuwa akifika karibu na mwisho, anapiga chafya, au nzi anamchanganya, au anakumbuka kwamba kiatu cha mtoto cha mfumaji fulani aliyeanza kazi mdogo kinahitaji kufikiriwa kwa kina. Huku nyuma, Mbaraka alihamishiwa kwenye kitanda cha hospitali chenye shuka lililonyooka. Kitanda cha pili akalazwa Raghu, na kile kifua chake kilichojaa vumbi la pamba. Cha tatu, mwanamke aliyekuwa anafuma na mimba kubwa. Wauguzi waliacha sweta.

Siku ambayo Mbaraka aliweza kushika sindano kwa vidole vyake mwenyewe na kuitia uzi, Saumu alipiga kigelegele peke yake katikati ya wodi, wagonjwa wakashtuka. Akasema sasa wanarudi nyumbani. Akavuka barabara mpaka mlangoni pa kiwanda kuchukua makubadhi yake.

Mkaguzi alikuwa amefika mia mbili. Alikohoa.

"Siulizi ni ya nani," alisema, hata hakuinua macho. "Ila jozi moja ikitoka, hesabu imekwisha. Nitalazimika kutamka."

Saumu alisimama ameinama, mkono umefika nusu. Yalikuwa makubadhi mazuri, ya ngozi ya ng'ombe, aliyashonesha mwenyewe kwa sikukuu. Aliyatazama, akatazama dirisha la hospitali, ambako Raghu alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji, masharubu yamelowa. Akanyooka. Akaondoka pekupeku, na nyuma yake akasikia mkaguzi anasema, "Hii ya bluu tena! Naanza upya."

Walifika Ngamiani mchana. Biubwa alikuwa barazani na shati la mteja mapajani, na kandambili zake, moja ya kijani moja nyeupe, zimekaa mlangoni. Alimkumbatia Mbaraka, akaubusu ule mkono mbele na nyuma. Akacheka alipoiona miguu ya Saumu imejaa vumbi. Ndipo Saumu akaona kidole cha Biubwa kimefungwa kitambaa, chenye maua, kipande kilichobaki kwenye gauni la mtu.

"Nini hicho?"

"Sindano tu, iliingia ukuchani. Ya zamani hiyo, tangu hujaondoka. Kimekuwa kizito kupona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje?" Biubwa alisema, na hakuwa na kinyongo chochote, hilo ndilo lililomuua Saumu. "Kwani mimi mwajiriwa? Sisi ni ndugu, dada. Tunasaidiana tu."

Saumu aliona aibu ikimpanda kutoka kwenye nyayo zake tupu mpaka usoni. Kisha aliinama pale mlangoni, akanyoosha kidole kwenye zile kandambili mbili zisizofanana.

"Moja," alisema.

"Unahesabu nini tena, we Saumu?"

"Sheria. Kwangu inaanzia hapa." Akainuka, akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Liache hilo shati. Vaa viatu, twende hospitali, na mpaka kidole kipone ujira wako uko palepale."

Biubwa alimtazama Mbaraka kwa wasiwasi, kisha akavaa kandambili zake. Saumu alimtangulia, bado yuko pekupeku. Na sasa mwenye kikohozi anaweza kukohoa.